Ukungu wa Uzaramo: Picha Nyeusi na Nyeupe za Mwambao Wetu

Mtu anayepitia picha za kale za mwambao wetu, zile za nyeusi na nyeupe, hukuta jambo moja likijirudia: nchi imefunikwa na ukungu. Minazi imesimama mbele ya mbingu isiyokuwa na wingu hata moja. Vilima vya nyuma vimefifia mithili ya moshi. Bahari imelala kama shuka iliyotandikwa, na ufuko mzima hauna mtu. Wageni wengi wamezisifu picha hizo kwa utulivu wake, nasi hatukatai kwamba zinapendeza. Lakini sisi tulio nyuma ya Mzizima, katika nchi ya Uzaramo ambayo leo imegawanyika baina ya Wilaya za Kisarawe, Kibaha, Mkuranga, sehemu ya Bagamoyo na Jiji la Dar es Salaam lenyewe, hatuna budi kuuliza: ukungu huo umetoka wapi, na watu wamekwenda wapi?

Maana ukungu wa kweli tunaujua. Katika miezi ya kipupwe, tangu Juni hata Agosti, bonde la Ruvu huamka likiwa limejaa ukungu kama bakuli la maziwa. Asimamaye upande wa Mlandizi kabla jua halijapanda huviona vilele vya miti tu vikielea, na sauti ya mtu aliye ng'ambo humfikia kabla hajamwona mwenyewe. Vilima vya Pugu navyo, ambavyo kwa urefu si kitu kikubwa kwani havifiki mita 400 kutoka usawa wa bahari, hupokea unyevu unaoletwa na upepo wa kusi, na majani ya msitu wake hudondosha maji asubuhi hata siku isiyokuwa ya mvua. Huko ndiko unakoanzia Mto Msimbazi, unaoteremka hadi kuingia baharini mjini Dar es Salaam.

Hata hivyo, ukungu huo ni wa bonde na wa msitu. Si wa ufuko. Ukungu wa bahari huzaliwa pale hewa yenye joto na unyevu inapopita juu ya maji baridi, kama ilivyo katika pwani ya Namibia, ambako mkondo wa Benguela hupandisha maji ya baridi kutoka kusini. Maji ya kwetu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akisimama Kisiju, bandari ndogo ambayo ilikuwa ya Kisarawe kabla Wilaya ya Mkuranga haijaundwa, aghalabu atakachokiona na kukiita ukungu ni mvua inayokuja kutoka baharini, au moshi wa mashamba yanayochomwa kungojea masika, au ule utusitusi wa chumvi na unyevu unaoning'inia juu ya mikoko wakati wa jua kali. Ukungu mzito wa ufukoni, ule unaoonekana katika picha za kale, ni nadra sana. Basi yapasa tuutafute mahali pengine, na mahali penyewe ni ndani ya kamera.

Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, kwa uvumbuzi wa Louis Daguerre. Haikuchukua muda mrefu kufika kwetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kwa merikebu ya Ducouëdic katika miaka ya 1846 hadi 1848, alikuwa na mtambo wa Daguerre, na baadhi ya michoro iliyochapishwa pamoja na kitabu chake ilichorwa kutokana na vibao vilivyopigwa safarini humo. Kwa hiyo mwambao wa Waswahili ulitiwa katika picha wakati ambapo miji mingi ya Ulaya yenyewe ilikuwa bado haijamwona mpiga picha.

Nchi ya bara nyuma ya mwambao ilingoja zaidi, na kisa chake chafaa kusimuliwa. Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Unguja wakiwa katika safari ya kutafuta chimbuko la Mto Nile. Grant alikabidhiwa kazi ya picha, naye alipiga kadhaa mjini Unguja, pamoja na soko la watumwa. Mwezi wa Oktoba msafara ukatoka Bagamoyo, ukaingia Uzaramo ukiufuata Mto Ruvu, ambao sehemu za chini uliitwa Kingani. Laiti kamera hiyo ingalifanya kazi njiani, leo tungekuwa na picha za vijiji vya Uzaramo za zaidi ya miaka 160 iliyopita. Haikuwa hivyo. Speke anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba baada ya muda aliirudisha mitambo ya picha kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa nzito mno kwa hali ya hewa ya nchi, na Grant akashika rangi za maji na brashi badala yake.

Msomaji wa leo, ambaye kamera yake imo katika simu, huenda akadhani hao walikuwa watu wavivu. La. Njia iliyotumika wakati huo ilikuwa ile ya kioo kibichi, iliyovumbuliwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo, akakimwagia ute wa kolodioni sawasawa bila ya kuacha alama, akakizamisha katika maji ya chumvi ya fedha, akakitia katika kamera kingali kibichi, akapiga, kisha akakisafisha papo hapo kabla hakijakauka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, mbali na kule kupiga kwenyewe, ilifanywa gizani, yaani ndani ya hema lililozibwa kila upenyo. Kolodioni imetengenezwa kwa etha, ambayo huruka upesi kwenye joto. Katika Ulaya mtu alikuwa na dakika kadhaa za kufanya kazi. Katika hema la giza lililosimamishwa kwenye jua la Uzaramo dakika hizo zilipungua, na mtu mwenyewe aliyeyuka kwa jasho akivuta hewa ya etha.

Lakini hata kama Grant angalivumilia, kioo chake kisingaliweza kuiona nchi yetu ilivyo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Vioo vya wakati ule havikuona rangi kama jicho la mwanadamu linavyoona. Viliathiriwa na mwanga wa buluu kupita kiasi, na vilikuwa vipofu kabisa mbele ya rangi nyekundu. Matokeo yake ni kwamba mbingu ya buluu iliunguza kioo mpaka ikatoka nyeupe tupu, na mawingu yote, hata yale mazito ya masika, yakapotea ndani ya weupe huo. Udongo mwekundu wa Kisarawe, ambao kila mwenye nguo nyeupe anaujua, ulitoka mweusi. Uso wa mtu mweusi ulitoka umekolea giza kuliko ulivyo, hata macho na midomo ikawa shida kuonekana. Na lile buluu hafifu linaloonekana mtu atazamapo vilima vya mbali, ambalo jicho huliona kama pazia jembamba tu, kwenye kioo lilikuwa ukuta.

Hivyo basi, mpiga picha aliyesimama ufukoni saa 4 asubuhi, siku ya jua, mbingu safi, aliondoka na picha ya nchi iliyozama katika ukungu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba vioo vikitiwa rangi fulani vinaweza kufundishwa kuona kijani na manjano. Vioo vinavyoona rangi zote vikaanza kuuzwa madukani mwaka 1906. Tangu hapo mpiga picha aliweza pia kuweka chujio la manjano mbele ya lenzi, akaipunguza buluu na kuyarudisha mawingu mahali pake. Chujio hilo hupenya utusitusi wa mbali, maana huo hutawanya buluu zaidi ya rangi nyingine. Halipenyi ukungu wa matone ya maji kama ule wa Ruvu, kwa kuwa matone hutawanya rangi zote sawasawa. Mtu mwenye picha mbili, moja iliyopigwa kwa chujio na nyingine bila, anaweza kupambanua ukungu wa Mungu na ukungu wa kiwandani.

Na watu je? Hao nao waliliwa na kamera kwa njia nyingine. Vioo vya mwanzo vilihitaji kuachwa wazi kwa sekunde nyingi, pengine dakika. Kinachosimama huandikwa, kinachotembea hupita bila ya kuacha alama. Mfano unaojulikana sana ni ile picha ya Daguerre ya mwaka 1838 ya barabara kubwa mjini Paris. Barabara ilikuwa imejaa magari na watu, lakini pichani ni tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Sasa tufikiri ufuko wetu. Nani husimama ufukoni? Wavuvi wanavuta juya, wanawake wanatembea na matenga kichwani, watoto wanakimbizana, ngalawa zinapandishwa mchangani. Wote hao wako mbioni, kwa hiyo wote hugeuka kuwa moshi. Mawimbi nayo yanayovunjika moja juu ya jingine hujumlishwa yakawa weupe mmoja laini. Wapiga picha wa mandhari wa siku hizi huyafanya hayo kwa makusudi: huweka chujio jeusi mbele ya lenzi ili kamera ikae wazi kwa muda mrefu, wapate bahari iliyo kama wingu. Hiyo ni sanaa yao na hatuna ugomvi nayo. Lakini asiyejua hila hiyo atasema bahari ya Kunduchi haina mawimbi wala wavuvi.

Msomaji atauliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya ufundi. Tuonavyo sisi, linao. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani picha za nchi hii zilienea Ulaya kwa wingi, hasa kwa njia ya kadi za posta. Carl Vincenti alikuwa na duka lake la picha mjini Dar es Salaam, na baada yake Walther Dobbertin alipiga picha nyingi mno za koloni, tangu mwaka 1906 hivi hata miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, alipofuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck. Wakati huohuo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam kupita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Miaka 10 kabla ya kazi hiyo kuanza, tarehe 26 Novemba 1895, serikali ya Kaizari ilikuwa imetoa amri kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya serikali hiyo.

Hatusemi kwamba kioo cha picha ndicho kilichoitunga amri hiyo. Ingekuwa ni kutia chumvi. Tunachosema ni kwamba jicho lilikuwa moja. Aliyeitazama nchi kutoka kwenye staha ya meli au dirisha la gari moshi aliona pori, na aliyeitazama picha kule Berlin aliona pori lilelile, tena lenye ukungu. Ilhali Uzaramo haikuwa pori. Wakulima wake walilima mahali kwa miaka michache, wakahama kidogo, wakaacha ardhi ipumzike. Walipohama waliacha mahame, na mahame yana alama zake: miembe, minazi, mkwaju penye kivuli cha baraza, na makaburi. Mwembe haukuota wenyewe katika nchi hii. Kila mwembe mkubwa unaosimama peke yake baina ya Kisarawe na Maneromango, au baina ya Soga na Ruvu, ulipandwa na mtu mwenye jina, au ulichipua kutokana na kokwa iliyotupwa uani mwake. Picha ya mandhari inayoonyesha miembe minne ndani ya ukungu si picha ya maumbile hata kidogo. Ni picha ya mji uliohamwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwonyesha mzee mmoja wa Soga nakala ya picha ya kale ya njia ya reli, iliyokuwa na vichaka na miti iliyofifia nyuma. Sisi tulitaka atueleze habari za reli. Mzee hakujishughulisha nayo. Aliisogeza picha karibu na mlango penye mwanga, akaweka kidole juu ya miti, akaanza kutaja: hapa ni kwa fulani, huyu ndiye aliyekuwa na kisima, hapa wenyewe walihamia Mlandizi, huu mwembe ulikatwa. Alitaja maboma 6 katika kipande cha picha kisichozidi upana wa kiganja, na yote hayo aliyapokea kwa babu zake, maana yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa picha ilipopigwa. Mjukuu wake aliyekuwa ameketi karibu alisema haoni kitu ila ukungu.

Uhamaji huo uliongezeka wakati wa Operesheni Vijiji, ambayo ilifikia kilele chake nchini katika miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipokusanywa katika vijiji vya maendeleo na maboma mengi ya zamani yakaachwa. Shabaha yake ilikuwa kuwafikishia wananchi shule, maji na zahanati. Lakini kwa mwenye kusoma picha, miaka hiyo iliongeza mahame juu ya mahame, na leo kijana wa Kibaha anayepita njiani haoni tofauti baina ya miembe ya babu wa babu yake na ile iliyoachwa juzi.

Watu wetu wenyewe walipoanza kushika kamera, au kumlipa mwenye kamera, hawakupiga mandhari matupu. Jambo hili tumeliona katika studio zote za mwambao. Studio ya A. C. Gomes ya Unguja, ya mtu wa Goa, ilifanya kazi tangu karne ya 19; Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi humo, alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930 katika mji huohuo. Wateja waliokwenda studio walitaka nyuso. Bahari ilikuwepo, lakini mara nyingi ilichorwa kwenye pazia: mnazi mmoja, mashua moja, maji ya buluu ambayo pichani ni kijivu, na mbele yake mtu amesimama na kanzu yake au khanga mpya. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliendelea na mapazia ya namna hiyo hata miaka ya 1990, ingawa bahari ya kweli ilikuwa hatua chache nyuma ya kibanda. Wako wanaocheka. Sisi tunaona kwamba watu hao walikuwa na hoja: nchi ni ya mtu, na mtu akiondolewa picha imepungukiwa.

Washairi wa mwambao walilijua hilo kabla kamera haijaletwa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate, na angeweza kutosheka na uzuri wa kuta zilizobomoka. Hakutosheka; aliuliza habari za wenyewe. Mpiga picha wa mandhari atakayekwenda Kisiju au bonde la Ruvu alfajiri angefaidika kuusoma utenzi huo kabla ya kufungua mfuko wake wa kamera.

Baada ya Uhuru, picha nyeusi na nyeupe zilidumu kwetu kuliko kwingine, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Mkanda wa rangi ulihitaji mitambo ya gharama ya kusafishia. Mkanda mweusi na mweupe ulisafishwa katika chumba chochote cha giza chenye beseni 3. Idara ya Habari ilitegemea vyumba hivyo, na magazeti yetu yalichapishwa hivyo kwa miaka mingi. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha shirika lake la Camerapix mjini humo mwaka 1963, alijifunza kazi yake katika weusi na weupe huo. Kwa hiyo nchi yetu ina hazina ya picha za wakati ambapo kioo kilikuwa tayari kimefunzwa kuona, na mpiga picha alikuwa mwananchi.

Hazina hiyo ina adui, nasi lugha yetu imempa jina lilelile. Neno ukungu kwa Kiswahili ni umande ule wa hewani, ni weupe wa alfajiri, na pia ni kile kinachoota juu ya mkate uliolala. Juu ya mkanda wa picha kuna utando wa gelatini, ambao hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama; kwa kuvu ni chakula kama mkate. Katika unyevu wa pwani, sanduku la picha likiwekwa chini ya kitanda kwa masika mawili, ukungu huota kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, kwanza pembeni, kisha juu ya nyuso. Picha nyingi zinazoonekana leo katika nyumba za Kibaha na Kisarawe kama zilipigwa asubuhi ya ukungu zilipigwa mchana wa jua.

Zile za wageni zimehifadhiwa vyema zaidi. Za Dobbertin zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani mjini Koblenz, ambayo mwaka 2008 ilizitoa picha zake nyingi katika intaneti. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za miaka ya 1860 hadi 1960. Mtu wa Maneromango anaweza sasa kuzifungua katika simu yake akiwa chini ya mwembe wake. Maelezo yaliyo chini ya nyingi hutaja mahali na kabila, na ya mtu aliyepigwa hutaja kazi yake: mchukuzi, mvuvi, askari. Jina hakuna.

Afisa utamaduni wa wilaya anayetaka kuanza kazi hii hahitaji fedha nyingi. Anahitaji nakala za picha hizo kwenye karatasi, mabahasha makavu, na wazee waliobaki wa Soga, Ruvu, Mlandizi, Masaki na Maneromango. Nyuma ya kila nakala aandike mwaka kama unajulikana, saa kwa kadiri ya vivuli, kama maji ya bahari yalikuwa yamejaa au yamekupwa, na majina ya wenye miembe. Aandike kwa penseli, kwa maana wino katika unyevu wa huku hupenya karatasi ukatokea upande wa pili.